Jibu: Barua ya kibali cha kazi Kanada inakaribia kuisha na safari imesogezwa

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: kibali cha kazi kimeidhinishwa, barua ya utambulisho (ile ya kumwonyesha afisa wa uhamiaji ukifika Kanada) unayo, ila unamuuguza mama na barua inaisha mwezi ujao. Pole sana.

Kwanza soma tarehe ya mwisho kwenye barua, kisha ilinganishe na viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Hivyo ni vitu viwili, kimoja kikiongezwa muda kingine kinabaki palepale. Kibali chenyewe unapewa ukifika, na afisa wa uhamiaji atataka barua ambayo haijaisha muda. Angalia na vipimo vya afya: vinadumu miezi 12 tu.

Omba barua iongezwe muda kabla haijaisha, kupitia fomu ya mtandaoni ya IRCC, yaani idara ya uhamiaji ya Kanada. Dada yangu nilimsaidia hivyohivyo, tukaweka namba ya maombi, tarehe mpya ya safari, cheti cha hospitali, na barua mpya ya mwajiri kwamba kazi bado ipo. Hiyo ya mwajiri usiiache kabisa. Wanaweza kukataa, kwa hiyo tiketi usilipie mpaka wajibu. Na wakala akikudai hela ya kutuma fomu hiyo, mkatalie, ni bure.