Maswali na Majibu: Gofu la Château Gaillard

Barua za wasomaji mara hii karibu zote zinahusu Château Gaillard, gofu la ngome lililo juu ya mto Seine, kaskazini mwa Ufaransa.

Ni mfalme gani wa Ufaransa aliyeijenga?
Hakuna. Ni Richard wa Uingereza, aliyekuwa pia mtawala wa Normandy, eneo lilipo gofu hili, kati ya 1196 na 1198. Swali hili nimeshalijibu. Someni kwanza majibu yaliyopita, jamani.

Ni kweli Wafaransa waliingilia chooni?
Guillaume le Breton, kasisi wa Mfalme Philippe wa Ufaransa, aliyekuwapo kambini Wafaransa walipoizingira ngome hii, anasema walipenya dirishani, katika jengo la kanisa lililoongezwa na John, mdogo wake Richard na mrithi wake. Choo kilikuwa jirani tu. Tena dirisha lile halikumaliza kazi: ukuta wa ndani ulichimbwa chini na kupigwa mawe hadi ukatoboka, ngome ikatekwa Machi 6, 1204.

Askari wa ndani walikula nini wakati wote huo?
Mbona kila mtu anauliza habari za askari? Ngome ilipozingirwa mwaka 1203, watu wa Petit Andely, mji ulio chini yake, walikimbilia humo. Kamanda Roger de Lacy alipopima chakula, akawatoa wasioweza kupigana: wazee, kina mama, watoto. Wa mwanzo Wafaransa waliwapisha. Kisha Philippe akakataza, maana alitaka akiba ya ndani iishe upesi. Waliotolewa mwisho wakakuta njia imefungwa, wakarudi, na lango nalo likafungwa. Majira ya baridi yakawakuta katikati, wakila majani na mbwa. Wengi walikufa. Philippe alipowaona mwenyewe ndipo akaamuru walishwe. Guillaume anasimulia kuwa mmoja wao alikuwa bado ameshika paja la mbwa. Alipoambiwa alitupe, akakataa mpaka ashibe mkate. Hao ndio historia ya ngome hii, kuliko Richard anayesifiwa kila mahali.

Nani aliibomoa?
Mfalme Henri IV wa Ufaransa aliamuru ivunjwe mwaka 1599, watawa wa Kikapuchini wakapewa ruhusa ya kuchukua mawe. Wewe huna ruhusa hiyo. Ni jengo la kihistoria linalolindwa tangu 1862, basi usitie hata kokoto mfukoni.

Nikienda, nianzie wapi?
Petit Andely, chini mtoni. Tazama juu kwanza, kisha panda kwa miguu. Mvua ikinyesha njia inateleza, na usiwaache watoto ukingoni.