Inua pedeli ya mafuta, usishushe ya breki

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Watamu aliniandikia. Ana Corolla DX kama yangu, na kila mtu amemwambia kwamba kuendesha kwa kisigino na kidole ni mazoezi tu. Lakini kila akijaribu, mguu unafika kwenye breki na kuishia hapo hapo, mafuta hauyapati. Akaniuliza: "Dada, au miguu yangu ndiyo mibovu?" La, mdogo wangu. Miguu yako haina neno. Tazama pedeli.

Swali lake lilinigusa pabaya, kwa sababu nami niliambiwa hivyo hivyo, tena mbele za watu. Navaa kiatu namba 37. Siku ya mashindano ya otokrosi, zile mbio za magari kwenye vumbi, huko Mombasa, bwana mmoja aliyekuwa akiwaelekeza wageni alinitazama nikishuka garini, akasema mtindo ule unataka mguu wa mwanamume, wasichana watafute gari la otomatiki. Watu wakacheka. Kicheko kile nilirudi nacho Malindi, na hadi leo hakijanitoka chote. Michèle Mouton, mwanamke wa Kifaransa, alimaliza wa tatu kwenye Safari Rally ya 1983, katika njia zilizokuwa zikivunja magari kila mwaka. Bwana yule alikuwa mtu mzima wa kutosha kulijua hilo.

Kwa anayeanza, jambo lenyewe ni hili. Unakaribia kona na gia ya nne, unataka kutoka na ya pili. Breki lazima ishike muda wote. Mguu wa kushoto unakanyaga klachi, mkono unashusha gia, na kabla ya kuiachia klachi unapiga resi kidogo ili injini izunguke sawa na magurudumu. Mguu wa kulia ndio wenye kazi mbili: nyama ya mbele ya wayo inabaki kwenye breki, na kisigino au ukingo wa nje unagusa mafuta. Usipopiga resi, klachi inaposhika injini inayavuta magurudumu kwa ghafla. DX inasukumwa na magurudumu ya nyuma, basi kwenye vumbi la njia ya Marafa mkia unakutangulia kabla hujazungusha usukani.

Sasa pedeli. Kwanza toa upepo kwenye breki, maana breki yenye upepo leo inashika hapa, kesho pale, na vipimo vyako vyote ni bure. Halafu pima injini ikiwa inaunguruma. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Gari likiwa limezimwa, ukikanyaga mara mbili tatu busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, inaishiwa nguvu, pedeli inakuwa ngumu na kusimama juu. Ukiwasha, inazama. Mimi nilikaa kitini nimefunga mkanda, gia imetolewa, nikakanyaga breki kwa nguvu ile ile ninayotumia kwenye kona. Ndugu yangu akainama na rula ya shule.

Pedeli ya mafuta ilikuwa chini ya breki iliyokanyagwa kwa sentimita 3 na ushei. Pengo kati yao, sentimita 7. Wayo wangu mahali papana pana sentimita 9. Nusu ikae kwenye breki, inabaki nne na nusu ya kuvuka pengo la saba na kushuka tena tatu. Nilipoyaona yale mahesabu kwenye karatasi nilipumua. Nilikuwa nimejitesa muda mrefu kwa jambo ambalo mguu wangu haukuweza kulifanya, na hakuna hata mmoja kati ya waliocheka aliyewahi kushika rula.

Unachotafuta ni kwamba breki ikikanyagwa kwa nguvu, uso wa pedeli ya mafuta uwe sawa nayo au chini yake kwa kama sentimita moja. Ukiwa juu kuliko hapo, siku utakapofunga breki kwa ghafla utakanyaga na mafuta pamoja.

Kufika hapo kuna njia mbili, na moja ni ya hatari. Fundi wa gereji moja, sitaitaja, aliniambia nimwachie. Alishusha pedeli ya breki kwa kukaza ile swichi ya taa za breki, ambayo kwenye Toyota nyingi za zamani ndiyo inayoizuia pedeli isipande juu. Fimbo ya kusukuma masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, hakuigusa. Kwa hiyo fimbo ikabaki imesukuma kidogo muda wote, masta silinda ikawa hairudi hadi mwisho, mafuta ya breki yakakosa njia ya kurudi kwenye kopo. Nilipofika Gede gari lilikuwa zito kama linavuta trela na harufu ya breki imejaa ndani. Niliegesha kando, nikanyunyizia rimu ya mbele matone ya maji kwa vidole. Yalichachatika yakakauka hapo hapo. Niliporudi kwake akaniambia nitazoea. Pesa yangu hakurudisha.

Hata kama fimbo nayo angeipunguza, bado singekubali. Kila sentimita unayoishusha breki umeipunguza akiba ya chini, na akiba hiyo utaihitaji siku mafuta ya breki yakichemka au paipu ikivuja. Breki iache alipoiweka aliyeitengeneza.

Mimi niliinua pedeli ya mafuta. Nilikata bati la alumini la milimita 4, chini yake nikaweka kipande cha mbambakofi nilichopewa na seremala jirani, nikakifikisha unene wa sentimita 2, vyote nikavifunga kwa bolti mbili zinazopenya pedeli yenyewe, na nati zenye plastiki ndani ili zisilegee. Bati nilililaza kuelekea kushoto, kwenye breki. Upande wa kulia usilipanue: magari yetu yana usukani kulia, na pale kwenye mguu bati la tairi la mbele limeingia ndani, hakuna nafasi. Mwenye mguu mdogo apanue zaidi sehemu ya chini, kwa sababu kisigino ndicho kitakachofika huko. Pembe zote zipigwe tupa ziwe mviringo, na usoni pitisha msumeno wa chuma uweke mikwaruzo ya kushika kiatu.

Kabla ya kuwasha, mtu akanyage mafuta hadi mwisho na mwingine atazame kabureta: kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa, kifunguke chote, na akiachia kijifunge chenyewe bila kusuasua. Kisha ikanyage breki mpaka izame chini kabisa, kama breki iliyokufa. Bati lako lisiguswe wala lisiwe chini yake hata kwa ukucha. Likiguswa, likate upya. Katika hili hakuna kusema "litatosha tu".

Gari jipya lenye pedeli ya umeme usiukunje mkono wake, kuna sensa ndani. Funga bati peke yake. Zulia la mpira liondoe au lifunge lisisogee. Kandambili zitoke mguuni, na kiatu kiwe raba ya soli nyembamba.

Na jamani, mazoezi yafanyieni mahali penye ruhusa. Mimi nafanyia kwenye shamba la mtu ninayemfahamu, baada ya kumwomba. Barabara ya Garsen ina watoto wa shule, mbuzi na bodaboda zilizobeba watu watatu, na hakuna aliyekubali kuwa sehemu ya mafunzo yako. Shekhar Mehta, dereva wetu wa Kenya, alishinda Safari mara tano, na barabara za shindano zilikuwa zimepangwa, watu wameambiwa. Anayepiga resi kwenye kona ya sokoni anawatia hofu mama zetu, na anatuharibia jina sisi tunaoipenda kazi hii kwa dhati.

Jambo la mwisho kwa sisi wa pwani. Chumvi ya hewani inakula alumini pale inapogusana na bolti ya chuma. Paka grisi kwenye tundu kabla ya kupitisha bolti, na kila unapobadilisha oili ya injini lala chini ya usukani na tochi. Ukiona unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti, fungua, safisha, paka grisi tena. Tundu likiwa limetanuka, tupa bati ukate jingine.