Barua kwa mwanangu: hekima unayoiomba

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Uliniuliza kwenye simu utajuaje kama jibu ulilopata kwenye maombi ni la Mungu au ni matamanio yako tu, na kama ni vibaya kumwendea yule nabii ambaye wenzako wanasema atakuonea mwisho wa hiyo kazi ya Mwanza. Nimeona heri nikuandikie.

La nabii nilimalize kwanza: usiende. Anayetaka sadaka kabla ya kufungua kinywa anafanya biashara. Yakobo 1:5 inasema aliyepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei". Hapo hakuna kiingilio.

Ila naona wewe unataka kuonyeshwa yatakayotokea huko mbele, na hilo Yakobo hakuliahidi. Soma 1 Wafalme 3, taratibu. Kule Gibeoni Sulemani aliambiwa aombe atakalo. Hakuuliza ataishi miaka mingapi. Aliomba "moyo wa adili" apate kupambanua mema na mabaya, maana alikuwa na watu wa kuwaamua. Sura ileile haijaisha, wanakuja wanawake wawili wanaogombea mtoto mmoja, hawana shahidi, wala hakusikika sauti kutoka mbinguni. Angalia mstari wa 23: kabla hajaagiza upanga, mfalme aliyarudia maneno ya kila mmoja kama yalivyosemwa. Alikuwa amesikiliza! Mimi naamini jibu la ombi lake lilianzia hapo.

Niliwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Ndugu wawili wa jumuiya yetu waligombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la urithi la familia, hadi wakaacha kusalimiana. Walimwendea bibi mmoja, mzee wa kanisa, kila mmoja akitaka aambiwe ana haki. Bibi akawaombea, akawasikiliza wote wawili, halafu akakataa kusema neno siku ile. Jumamosi akaenda shambani na jembe dogo, akawaambia wafukue chini ya migomba pale baba yao alipokuwa akikaa jioni. Vikatoka visiki vya masale ya zamani, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Yule mdogo ndiye aliyekuwa amevuka mpaka, na alikiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Bibi yule alikuwa mtu wa maombi ya alfajiri, na jembe alilibeba vilevile.

Kwa hiyo ukiomba, amka ukachunguze. Soma mkataba wote. Uliza mshahara unalipwa tarehe ngapi, na watoto watasoma wapi. Kisha tafuta ushauri kwa mtu asiyepata kitu ukienda wala ukibaki. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliwauliza wazee, halafu akawauliza vijana aliokua nao, akashika lile lililompendeza. Makabila kumi yakamwacha. Wenzako hao wa kazini ni watu wazuri, lakini wanakwambia unachopenda kusikia.

Kuhusu matamanio, pima kwa Yakobo 3:17. Hekima itokayo juu ni safi, ni ya amani, ni ya upole, "tayari kusikiliza maneno ya watu". Ulisema hujamwambia mumeo. Jibu la maombi linalotaka umfiche mumeo mimi silipokei, hata kama ulilipata ukiwa umefunga. Mwambie wiki hii, naye aseme yote aliyo nayo.

Tena usidhani ukishapewa umemaliza. Sulemani huyohuyo, katika 1 Wafalme 11, ana wake 700 na masuria 300, na moyo wake umegeuzwa kwa miungu mingine. Nikifika hapo huwa naogopa, naomba upya.

Mkishazungumza na mumeo, nipigieni wote wawili Jumapili mkitoka ibadani. Baba yako naye ana la kusema kuhusu Mwanza, kwa kuwa aliishi huko.

Mama yako akupendaye