Kabla hujamwachia mtoto baiskeli, mfundishe kuisoma barabara

Mpwa wangu alipoanza kwenda shule kwa baiskeli, niliona kazi yangu imekwisha. Breki anazijua, hayumbi, anakaa kushoto. Wiki ya pili akarudi magoti yamechubuka: mlango wa gari lililoegeshwa ulifunguliwa mbele yake, pale Pasiansi, hapa Mwanza.

"Mjomba, sikuuona."

Nikamuuliza kama ndani ya gari kulikuwa na mtu. Hakujua. Macho yalikuwa kwenye tairi lake la mbele.

Tangu siku hiyo nimeacha kumwambia "kuwa makini", maana maneno hayo hayamwonyeshi mtoto pa kutazama. Jumamosi asubuhi, kabla Barabara ya Makongoro haijachangamka, tukawa tunatoka, yeye mbele mimi nyuma, anataja kwa sauti anachokiona na kitakachofuata. Kichwa ndani ya gari lililosimama: mlango. Mpira umekatiza: mtoto anakuja. Bajaji imekata tairi la mbele: inaingia barabarani, indiketa iwake isiwake.

Kwenye daladala tulikaa sana, kwa sababu hapo ndipo nimeshuhudia wengi wakiumia. Mtazame konda. Akishagonga bodi, gari linakuja kushoto, yaani kwako, na abiria wanashukia upande huohuo. Usijipenyeze kati ya gari na ukingo hata kama unachelewa. Subiri nyuma.

Mwendo nao nilimwonyesha chini. Kwa kilomita 20 kwa saa unakwenda zaidi ya mita 5 kila sekunde. Nikaweka jiwe, tukapima kwa hatua umbali wa sekunde mbili kwa mwendo huo, nikasimama unapoishia: "Ukishtuka kule, unafunga breki hapa." Alinyamaza. Kuanzia hapo, akisema "konda", vidole viwili tayari viko kwenye breki.

Mvua ikinyesha, maji ya milimani huacha mchanga juu ya lami. Punguza mwendo kabla ya kuufikia; ukifunga breki juu yake, utateleza. Na dimbwi usiloliona chini ulihesabu kuwa shimo.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakaribia Kirumba, daladala iko mbele, konda katulia. Mpwa wangu akaacha kukanyaga pedeli.

"Vipi?"

"Kuna mama ndani kanyanyua kapu, anasogea mlangoni."

Alimwona kupitia kioo cha nyuma. Ndipo nikasikia konda akigonga bodi.