Silikoni kwa viungo na ngozi
Umeuliza kama vidonge vya madini ya silikoni huimarisha gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo), kano na ngozi. Hoja hiyo haikuzuka hewani: mwaka 1972 mtafiti Edith Carlisle alionyesha kwamba vifaranga walionyimwa madini hayo walidumaa na mifupa yao ikaharibika, na baadaye silikoni ikahusishwa na utengenezaji wa kolajeni, protini inayozipa ngozi, kano na gegedu uimara. Kwa binadamu, hata hivyo, hakuna kiwango rasmi cha kila siku kilichowekwa. Kabla ya kununua, soma lebo: asidi ya othosilisiki, aina ya silikoni inayoyeyuka majini, hufyonzwa vizuri, ilhali dioksidi ya silikoni, ambayo kikemia haina tofauti kubwa na mchanga, hupita tumboni karibu yote bila kufyonzwa. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza, kwani figo ndizo huitoa silikoni mwilini.