Pembe zinawasumbua darasani

SWALI: Shikamoo mwalimu, nafundisha hesabu darasa la sita huku Newala, wengine pembe wanazipima vizuri ila wengine protrakta wanaisoma upande wa pili, pembe ya nyuzi 60 anaandika 120, nifanyeje niende nao wote?

JIBU: Marahaba mwalimu. Protrakta weka pembeni kwanza, kila mtoto akate kona ya karatasi ya daftari, hiyo ni nyuzi 90, umuulize pembe hii ndogo au kubwa kuliko kona yako? Akiona ni ndogo, 120 ataikataa mwenyewe, na huku kukisia kabla ya kupima mi naona tunakuruka sana. Halafu kila mmoja achore pembetatu yoyote, hata ile iliyolala vibaya, aikate, achane kona zote tatu azipange kwenye rula, zinakaa mstari mmoja, nyuzi 180. Wanaochelewa washaona kwa macho. Wepesi usiwaache wakae bure, waulize: je zile pembetatu ambazo hatujachora? Wapitishe kwenye ncha ya juu mstari ulio sambamba na kitako, wataona zile pembe mbili za chini zimejirudia kule juu, zikikaa na ile ya juu zinajaza mstari mmoja, na hiyo ndo sababu yenyewe ya kila pembetatu kuwa na nyuzi 180, kuchana karatasi sio uthibitisho bado. Sababu hiyo wawaelezee wenzao kwa mdomo, huku wanaonyesha kwa kidole.