Tuzo ya Kiranja Huanzia Januari, Siyo Wiki ya Mahafali

Mahafali ya kidato cha nne yakibaki siku mbili, mwalimu anaambiwa alete majina ya viongozi bora na waliojitolea kwenye jamii. Anaandika wanaomjia kichwani: kaka mkuu, dada mkuu, na yule kijana mchangamfu asiyeachia kipaza sauti. Msichana aliyekuwa akienda zahanati kila Jumamosi kupanga kadi za kliniki hayumo. Hakuna palipoandikwa kwamba alikwenda.

Dawa ni kaunta buku moja ya kwaya mbili, yaani daftari nene la jalada gumu, lifunguliwe shule zinapofunguliwa Januari. Liwe na safu sita: tarehe, jina, kazi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi ya msimamizi. Anayesaini asiwe mwanafunzi. Zahanati asaini muuguzi wa zamu. Mtaani, mwenyekiti wa mtaa au balozi wa nyumba kumi. Mwalimu mlezi wa serikali ya wanafunzi alipitie kila Ijumaa. Likiachwa hadi mwisho wa muhula litajazwa kwa mkupuo, na utalijua: wino mmoja, mwandiko mmoja, na kila kazi imechukua saa mbili kamili.

Usafi wa zamu na adhabu havihesabiwi. Kujitolea ni kazi ambayo mwanafunzi asingeulizwa na mtu kama asingeifanya.

Kiwango cha saa 30 kati ya Januari na Agosti kinatosha, yaani kama saa moja kwa wiki ya masomo. Tuzo ya Rais ya Kenya, mpango wa kuwatunuku vijana ulioanza mwaka 1966, nayo inadai kazi ya miezi, siyo tukio la siku moja. Hata ngazi ya shaba, iliyo ya chini kabisa na inayoanzia umri wa miaka 14, inataka walau miezi mitatu ya huduma. Shule nyingi hukwama hapo hapo. Miti 200 inapandwa asubuhi moja, mgeni anapigwa picha na koleo, cheti kinatolewa. Nani aliimwagilia Julai?

Lakini saa zisigeuzwe mashindano. Mwanafunzi wa kutwa anayetembea kilomita sita, akifika nyumbani anachota maji na kupika, hatamfikia wa bweni hata akijitahidi vipi. Weka kiwango cha chini, anayekifikia aingie kwenye orodha ya kufikiriwa. Kazi aliyoifanya karibu na kwao, kama kuwafundisha watoto wa jirani kusoma, ihesabiwe ilimradi balozi amesaini.

Uongozi haupimwi kwa saa. Angalia kilichobadilika mikononi mwake: kiranja wa chakula aliyeanza kupima maharage mbele ya mpishi kila asubuhi na kuandika kilo zilizotoka stoo amefanya jambo linaloonekana. Kisha wasikilize wadogo. Wape kidato cha kwanza vikaratasi visivyo na majina, swali moja tu: "Ukipata shida, unamwendea kiranja gani?" Ukiuliza "nani kiranja bora" watakuandikia anayeogopwa. Na anayechapa wenzake aondolewe kwenye orodha bila mjadala. Kiranja hana mamlaka hayo.

Uamuzi ufanywe na kamati ya watu watano: mwalimu mlezi, mwalimu wa nidhamu, mzazi mmoja asiye na mtoto kidato cha nne, na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu. Kwa wahitimu 120, tuzo tano au sita zinatosha. Ukitoa 40 umegawa karatasi. Ukitoa moja, ataichukua kaka mkuu, kila mwaka.

Cheti kiseme alichofanya. "Kwa mchango wake mkubwa" halimsaidii mtu anayeomba ufadhili. Andika hivi: "Alisimamia ugawaji wa chakula cha mchana kuanzia Januari 2024 hadi Agosti 2025, akaanzisha daftari la kupokea maharage na unga." Jina liwe kama lilivyosajiliwa Baraza la Mitihani, herufi kwa herufi. Mwanaidi akiandikwa Mwanahidi, cheti kitamletea maswali badala ya kumfaa. Chapa kwenye karatasi ngumu, muhuri uguse sahihi, kipe namba, na nakala ibaki kwenye faili la shule. Mkuu wa shule huhamishwa. Faili hubaki, na ndilo litakalojibu simu miaka mitatu baadaye.

Siku yenyewe, tuzo zitangulie hotuba ya mgeni rasmi. Zikifuata, nusu ya ukumbi imeshanusa pilau. Msherehereshaji asome maelezo ya kila mmoja kwa nusu dakika, na wazazi wasubiri na mashada yao hadi mtoto ashuke jukwaani, vinginevyo jina la tatu halisikiki.

Waliofikisha saa 30 wakakosa tuzo wapewe barua ya nusu ukurasa yenye idadi ya saa zao na sahihi ya mkuu wa shule. Waipate kabla ya mahafali, wasije wakakaa ukumbini wakisubiri jina lisilokuja.